Nyama bado inachezacheza mezani, na ya friza haitafuniki

SWALI: Nina bucha ndogo. Tukichinja mbuzi alfajiri, vipande vya kwanza huchezacheza mezani, na ukinyunyiza chumvi ndiyo vinazidi. Wapo wateja wanaoogopa wakakataa kununua. Nikaamua kuikata ikiwa bado ya moto na kuitia friza papo hapo. Sasa wanalalamika kwamba ikiyeyuka inatoa maji mengi na ni ngumu kama raba. Mnyama ameshakufa, nani anaiamrisha misuli? Na ugumu huu unatoka wapi?

JIBU: Yote mawili yanatokana na kalsiamu iliyomo ndani ya msuli wenyewe.

Mnyama hutangulia kufa, seli zake hufuata baadaye. Nyuzi za misuli na ncha za neva hubaki hai kwa muda baada ya damu kusimama, na kila uzi bado una chaji: ndani ya utando wake ni hasi, kama milivolti 90 ukilinganisha na nje.

Kwa mnyama mzima, amri hushuka kutoka kwenye uti wa mgongo kwa kupitia neva. Neva na msuli havigusani. Kati yao upo mwanya wa takriban nanomita 50. Mpigo wa umeme ukifika kwenye ncha ya neva, kalsiamu huingia humo, na vifuko vidogo vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini humwagwa mwanyani. Kemikali hiyo ikishika vipokezi vya upande wa pili, sodiamu hukimbilia ndani ya uzi wa msuli, nao huzalisha mpigo wake. Mpigo huu huzama ndani kupitia vijifereji na kufungua vihifadhi vya kalsiamu. Kalsiamu hunata kwenye protini ya troponini. Troponini huisogeza protini nyingine, tropomiosini, ambayo muda wote ilikuwa imeziba mahali pa kushikia kwenye aktini, uzi mwembamba wa protini ndani ya msuli. Vichwa vya miosini, protini ya uzi mnene wa jirani, hunasa hapo, huvuta, huachia, hunasa mbele kidogo. Msuli umekaza.

Sasa angalia: hatua ya ubongo unaweza kuiondoa, na zinazobaki zikaendelea kufanya kazi. Kisu kinapokata neva au uzi, chaji huvurugika na mpigo huzuka papo hapo. Chumvi hufanya vivyo hivyo, maana huongeza sodiamu nje ya utando. Luigi Galvani wa Bologna alichapisha mwaka 1791 majaribio ya miguu ya vyura waliokufa iliyoruka kwa umeme, na watu wakashangaa kama wateja wako. Waambie tu kwamba nyama inayocheza ni ya mnyama aliyechinjwa muda si mrefu.

Ugumu ni habari nyingine, na hapa ndipo friza inapokuponza. Wengi hudhani msuli hutumia nguvu kukaza tu. Kulegea nako kunahitaji nguvu: kichwa cha miosini hakiwezi kuiachia aktini bila kupata ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na pampu zinazorudisha kalsiamu kwenye vihifadhi vyake nazo zinaendeshwa kwa ATP. Baada ya kuchinja, msuli hutengeneza ATP kidogo kwa kuchoma glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa msulini) bila oksijeni, na asidi hujikusanya hadi pH (kipimo kinachoshuka asidi ikizidi) ishuke kutoka karibu 7 hadi kama 5.5. ATP ikiisha, vichwa hubaki vimenasa na mzoga hukakamaa. Ng'ombe huchukua saa nyingi, hata siku nzima, kukakamaa kabisa, mbuzi huwahi.

Ukiishusha nyama chini ya sentigredi 10 wakati pH bado iko juu ya 6, vihifadhi huvujisha kalsiamu na pampu zilizopoa hazimudu kuirudisha. ATP bado ipo, basi msuli hujikunja kwa nguvu. Ukiigandisha kabisa katika hali hiyo, ni mbaya zaidi: barafu hupasua vihifadhi, na siku ya kuyeyusha kalsiamu yote humwagika kwa mkupuo. Nyama husinyaa na kukamua maji yake. Hayo ndiyo maji wanayoyalalamikia wateja.

Mbuzi huathirika kuliko ng'ombe kwa kuwa ni mdogo, ana mafuta machache, na hupoa upesi. Kwa hiyo usimtoe mifupa akiwa wa moto. Mfupa huushikilia msuli usifupike. Ukiutoa, hakuna kinachouzuia. Kama una chumba cha baridi, tundika mzoga mzima kwenye sentigredi 10 hadi 15 mpaka ukakamae, ndipo uushushe hadi kati ya 0 na 4. Kama huna, uza ya siku hiyo hiyo ikiwa mbichi, na inayobaki iweke kwenye friji ya kawaida ikiwa mapande makubwa yenye mifupa; kata na kugandisha kesho yake. Usiiache kwenye joto la mchana ukingoja ikakamae, bakteria hawatakungoja.

Jambo la mwisho liko kabla ya kisu. Mbuzi aliyekimbizwa au aliyesafirishwa usiku kucha huwa ameshamaliza glaikojeni. Hukakamaa haraka, lakini asidi haitoshi, pH hubaki juu, na nyama huwa nyeusi, yenye kunata, na huoza mapema. Mpe maji na mapumziko ya kutosha kabla ya kumchinja.