Kabla hujasema wameiharibu, tazama kinachofuata

Filamu mpya ya mashujaa ikitoka, mashabiki hugawanyika siku hiyohiyo. Hawa wanamsifu mwandishi, wale wanasema amemvunjia heshima shujaa wao. Nimeshiriki mabishano haya miaka mingi kwa sababu filamu hizi nazipenda kwa dhati. Ushauri wangu kwa anayetaka kubishana vizuri ni mmoja: tukio likikukera, usilihukumu hapohapo. Tazama limewaachia alama gani wahusika baada ya kupita.

Chukua Man of Steel ya 2013. Karibu na mwisho, Superman anamvunja shingo adui yake Zod ili kuiokoa familia iliyobanwa kwenye kona ya kituo cha treni. Hasira za mashabiki hazijapoa mpaka leo, na hoja yao kubwa ni kwamba Superman haui. Lakini aliyesoma komiki anajua kwamba aliwahi kuua. Katika toleo la 22 la Superman la mwaka 1988, kazi ya John Byrne, aliwaua kwa kryptonite, jiwe lenye sumu kwa watu wa sayari yake ya Krypton, wahalifu watatu wa huko, Zod akiwa mmoja wao. Kitendo kile kilimtesa katika matoleo yaliyofuata. Akili ikamyumba, akawa anazunguka usiku kwa jina jingine pasipo yeye mwenyewe kujua, na hatimaye akaihama dunia na kujitenga angani.

Sasa rudi kwenye filamu. Superman anapiga yowe, mpenzi wake Lois anamkumbatia, tukio linakatwa. Punde tunamwona ameangusha droni ya jeshi na anazungumza na jenerali kwa mzaha, kisha anaripoti kazini gazetini. Mimi sigombani na kumuua Zod, kwa sababu hadithi ilimfikisha mahali ambapo kila njia ilikuwa chungu. Ninachogombana nacho ni hizo dakika za baadaye. Zinapita kama vile hakuna aliyekufa mikononi mwake. Hata Batman v Superman ya 2016 ilishughulika zaidi na majengo yaliyoanguka na watu waliofia humo kuliko na dhamiri ya aliyeua. Ukibishana kwa njia hii, hata shabiki anayeipenda filamu atakusikiliza, maana unazungumzia kilichomo ndani yake, si sheria uliyokuja nayo kutoka nje.

Kwenye vifo kipimo hiki kinasaidia zaidi. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba steringi hafi, kwa hiyo adui Thanos alipogeuza nusu ya viumbe kuwa vumbi katika Avengers: Infinity War ya 2018, kulikuwa na waliosema ni kiini macho, Spider-Man na Black Panther lazima warudi. Na kweli walirudi. Ila tazama Avengers: Endgame ya 2019 iliwarudisha vipi. Hadithi inaruka miaka mitano. Tony Stark, yaani Iron Man, sasa ana binti, Morgan, na sharti lake ni kwamba waliotoweka warudi bila kuifuta miaka hiyo. Mtoto huyo ndiye anayeuzuia ushindi usiwe wa bure. Aliyebaki amezeeka miaka mitano, aliyerudi amekuta dunia imeendelea bila yeye. Ndiyo maana kurudi kwao hakunikeri hata kidogo.

Filamu hiyohiyo, hata hivyo, inayumba kwa Natasha Romanoff, yaani Black Widow. Anajitoa uhai kwenye sayari ya Vormir ili wenzake wafanikiwe, wenzake wanamlilia kidogo kando ya ziwa, kisha safari inaendelea. Tony naye anapewa mazishi yanayowakusanya karibu mashujaa wote. Mashabiki waliolalamikia hilo nawaunga mkono kabisa. Kujitoa kwake kulistahili, lakini nafasi aliyopewa baada ya hapo haikutosha. Thor nilimwona vilevile. Kumwonyesha amevunjika moyo, amenenepa na amezama kwenye pombe ulikuwa uamuzi wa kijasiri, ila huzuni yake ikageuzwa kuwa kichekesho karibu kila mara mwili wake ulipoonekana.

Na adui je? Wapo wanaosema kwamba adui mwenye hoja nzito anaidhoofisha filamu, na mfano wao ni Killmonger katika Black Panther ya 2018. Nawapinga. Killmonger anashindwa vitani, lakini hoja yake inamshinda mfalme. Kabla filamu haijaisha, mfalme huyo, T'Challa, ambaye ndiye Black Panther, anaanzisha kituo cha misaada Oakland, Marekani, palepale baba yake alipomuua baba yake Killmonger, na nchi yake ya Wakanda inaacha kujificha. Ni adui wachache waliowahi kuacha alama kubwa namna hiyo kwa shujaa.

Kuna malalamiko ambayo kipimo changu hakiyagusi. Iron Man 3 ya 2013 ilipofichua kwamba adui wake, Mandarin, ni mwigizaji wa kukodiwa, wengi walikasirika kwa sababu walimsubiri adui wa komiki. Hayo ni maumivu ya shabiki na ni halali, ila yaite hivyo. Usiyaite kosa la hadithi. Pia kabla hujamlaumu mwandishi, jiulize kama ni kazi ya chumba cha uhariri. Justice League ya 2017 ina saa mbili, na toleo la mwongozaji Zack Snyder la 2021 lina saa nne. Shujaa Cyborg aliyekuwa kama mpita njia kwenye la kwanza ana hadithi nzima kwenye la pili.

Ukitaka kulijaribu jicho lako, mfuate Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man. Alikufa kwenye komiki mwaka 1973, kisha kwenye The Amazing Spider-Man 2 ya 2014, Andrew Garfield akiwa Peter Parker, yaani Spider-Man. Katika Spider-Man: No Way Home ya 2021, yenye Peter zaidi ya mmoja, Garfield anarudi, anakiri kwamba kifo kile kilimjaza uchungu, kisha anamdaka MJ, mpenzi wa Peter mwingine, asianguke. Itazame sura yake pale. Halafu endelea mpaka mwisho wa filamu, ambapo Peter wa Tom Holland anakubali dunia nzima imsahau, MJ akiwemo. Najua wengi wanataka MJ amkumbuke. Ukikutana nao, waulize kumbukumbu hiyo irudi kwa njia gani ambayo haitakifuta kile Peter alichokubali kupoteza.