Kwa Anayeanza Kutazama Galaksi ya Umbo la Lenzi Akiwa Mwanza

Ukitaka kuona galaksi ya umbo la lenzi, yaani kundi kubwa la nyota lenye kiini angavu na sahani bapa inayokizunguka, kwa darubini ya kawaida, ningekushauri uanze na ile iliyoorodheshwa kama NGC 3115, ambayo mwanafalaki William Herschel aliigundua mwaka 1787, kwa sababu mwanga wake umekusanyika mahali padogo na haumezwi upesi na taa za mji. Kwa kuwa sisi na galaksi hiyo tuko kusini kidogo ya ikweta, yeye ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) na sisi ya dunia, hapa Mwanza hupita karibu na utosi. Usiifuate huko ikiwa darubini yako ni ya Dobson, yaani inayokaa juu ya kitako kinachozungushwa kwa mkono, maana aina hiyo ikisimama wima huwa ngumu kuielekeza. Subiri saa moja au mbili hadi ielemee magharibi.

Mwezi Juni, masika yakiisha, giza linapoingia utaikuta tayari upande wa magharibi. Tafuta Alphard, nyota ya rangi ya chungwa iliyo peke yake, kisha panda juu yake kama digrii 10, yaani upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa.

Ukiwa ufukweni, kwa mfano Luchelele, kumbuka kwamba usiku usio na mwezi ndio ambao wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao, nao wana haki na giza hilo kuliko sisi. Weka darubini nyuma ya mojawapo ya mawe makubwa, ambayo hatuna uhaba nayo, ili taa zisikupige machoni, kwani jicho huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza na sekunde chache tu kulipoteza.

Kwa darubini yenye kioo cha upana wa milimita 200, anza na ukuzaji wa mara 50, kisha panda hadi 150. Utaona kimstari chenye kiini angavu. Tazama pembeni yake kidogo, na ncha zake zitarefuka. Usihangaike kutafuta mikono ya mzunguko, kwa maana galaksi za aina hii hazina, na gesi na vumbi lake ni haba, kwa hiyo ulaini unaouona si udhaifu wa darubini. Kinachostahili kupimwa ni urefu wa ncha, na mahali kiini kinapoishia sahani ikaanza. Chora hayo palepale, kabla hujafungua picha za mtandaoni, ambazo zitalifanya jicho lidai kuona lisichokiona.