Mwalimu mpya wa baiolojia, kabla hujamtaja Darwin safisha kwanza hili neno nadharia

Walimu wenzangu mnaoanza kazi, hasa nyie mliopangiwa huku kwetu Mbeya, Rungwe, Iringa mpaka Njombe, naandika hii kwa sababu nimeongea na vijana wawili walioko fildi na wote wamekwama pale pale nilipokwama mimi mwaka wangu wa kwanza, topiki ya evolusheni kidato cha nne, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Topiki wanaijua vizuri tu, kinachowakwamisha ni neno moja.

Mimi nilianzia shule moja ya kata huko milimani Rungwe. Siku ya kwanza ya topiki nikaingia moja kwa moja na Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza evolusheni kwa uchaguzi wa asili, dakika kumi hazijaisha binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono, mwalimu mbona hii inapingana na Biblia? Darasa zima likanyamaza linanitazama. Nikaogopa, nikasema msiwe na wasiwasi hii ni nadharia tu, nyie someni mfaulu. Wakatulia, na mimi nikatoka nikijua nimevuka salama. Kwenye jaribio la mwisho wa mwezi karatasi nyingi zikarudi zimeandikwa evolusheni ni mawazo ya Darwin ambayo hayajathibitishwa, na sikuweza kumlaumu hata mmoja maana ndicho nilichowafundisha kwa mdomo wangu. Iliniuma sana aisee.

Sasa angalia hilo neno linavyoishi mtaani. Fundi gereji anamwambia kijana aliyetoka chuo wewe umejaa nadharia, vitendo hamna. Mtihani wenyewe una pepa ya nadharia na pepa ya vitendo. Kwa hiyo kwa Kiswahili chetu cha kila siku nadharia ni maneno ya kwenye daftari ambayo bado hayajagusa kazi. Halafu ukienda kwenye somo la Kiswahili kuna nadharia za asili ya Kiswahili, wengine wanasema ni Kiarabu, wengine ni krioli, yaani lugha iliyozaliwa kwa mchanganyiko, wengine ni Kibantu, mwanafunzi anazipanga zote kisha anazipinga zile dhaifu, yaani pale nadharia ni dai la mtu yeyote hata kama limeshakataliwa. Na kwenye historia kidato cha kwanza, kwa mtaala niliofundishia mimi, uumbaji na evolusheni viliwekwa pamoja vyote vikaitwa thiori. Mtoto anafika kwako na maana zote hizo kichwani, na hakuna hata moja ambayo ndiyo mwanasayansi anaikusudia.

Kwenye sayansi nadharia ni maelezo makubwa yanayofunga pamoja ushahidi mwingi, yamepimwa mara nyingi na watu tofauti, na yanaweza kukuambia utakuta nini mahali ambapo hujafika bado. Lile wazo la mwanzo ambalo ndio kwanza unataka kulipima, Kiswahili kina jina lake zuri kabisa, nadharia tete, kwa Kiingereza hypothesis. Tete kama tunavyosema hali ni tete, inaweza kuvunjika muda wowote. Litumie hilo jina darasani hata kama unafundisha kwa Kiingereza, andika nadharia na nadharia tete ubaoni upande kwa upande. Na msiwaache waamini kwamba nadharia ikikua inakuwa sheria, hapana, sheria inasema kitu gani hutokea, nadharia inaeleza kwa nini kinatokea, ni kazi mbili tofauti.

Ushauri wangu, usianze na Darwin. Anza na seli. Kidato cha kwanza walisoma nadharia ya seli, ile ya Schleiden na Schwann ya 1838 na 1839, waliweka ngozi ya kitunguu kwenye hadubini wakaona vyumba vyumba, na hakuna aliyenyoosha mkono kusema mwalimu hii ni nadharia tu. Waulize kwa nini. Halafu nenda kwenye vijidudu kusababisha magonjwa, nayo ni nadharia, Robert Koch alionyesha bakteria wa TB mwaka 1882, na mgonjwa wa TB hamezi dawa miezi sita kwa ajili ya kubahatisha. Hapo darasa limeshalainika, sasa mlete Darwin na kitabu chake cha 1859.

Na mlete kwa vitu vya hapa hapa. Mimi natumia kipunji. Mwaka 2003 watafiti wakiongea na wawindaji wa vijiji vya kuzunguka Mlima Rungwe walisikia habari za kima anayeitwa kipunji, wakaja kumuona kwa macho, manyoya ya kahawia, kishungi kichwani, na mwaka uliofuata akaonekana pia msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa rasmi kwa kutumia picha, na kwa jinsi anavyoonekana wakamweka kundi moja na mangabey, aina nyingine ya kima wa Afrika, kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Lophocebus. Baadaye akapatikana mmoja mdogo amekufa kwenye mtego shambani, wakapima DNA, ikaonyesha ndugu zake wa karibu zaidi ni nyani, basi 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jina la mlima ambao wanafunzi wangu walikuwa wanauona kutoka dirishani mawingu yakiondoka. Ona sasa, kilichoanguka ni nadharia tete, kwamba kipunji ni ndugu wa mangabey, ilidumu mwaka mmoja tu. Nadharia ya evolusheni yenyewe haikutikisika, ndiyo iliyowaambia kwamba undugu unaweza kusomwa kwenye DNA. Nikishafika hapa huwa siharakishi, nawaacha wabishane.

Mfano wa pili niliupata nilipohamia upande wa Iringa, wazazi wengi kule ni wakulima wa nyanya. Kantangaze mnamjua, yule kiwavi wa nondo anayeshambulia nyanya, anaingia ndani ya jani lenyewe, ukilinyanyua juani unaona doa jeupe lililochimbwa na kiwavi kidogo kimejilaza ndani yake. Mzee mmoja baada ya kikao cha wazazi akanilalamikia, mwalimu huyu mdudu ameizoea dawa, napiga solo nzima, bomba zima la mgongoni, ila asubuhi yupo. Nikamwambia hapana mzee, aliyepigwa na dawa alikufa, huyu unayemuona ni mtoto wa aliyebaki. Katika maelfu kulikuwa na wachache waliozaliwa na tofauti inayowafanya wavumilie, dawa ikaua wenzao, wakabaki wao kuzaana, na jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai 260 hivi. Mzee akakaa kimya kidogo akasema kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye ninayewachagua. Ndiyo mzee, na ndiyo maana wanasema badilisha aina ya dawa, usipige ile ile msimu hadi msimu. Sijawahi kupata mwanafunzi aliyeieleza uchaguzi wa asili kwa ufupi kama yule mzee. Klorokwini nayo ni hivyo hivyo, nchi iliiacha 2001 kwa sababu vimelea wa malaria walioweza kuistahimili walishakuwa wengi mno.

Ile ya binadamu alitoka kwa nyani ifute mapema, nyani yupo leo anakula mahindi ya watu, sisi na yeye tuna mababu wa pamoja wa zamani sana kama wewe na binamu yako mlivyo na babu mmoja.

Kuhusu imani, mimi ni muumini, Jumapili nipo kanisani na kwaya. Usimkejeli mtoto na usigombane na maandiko, huo sio ugomvi wako pale darasani. Namwambia hivi, sikuulizi unaamini nini, nakuuliza sayansi inaelezaje na kwa ushahidi upi, unaweza kujibu hilo kwa ukamilifu na ukabaki na imani yako. Ila usimpe kichaka cha kujificha kinachoitwa nadharia tu kama mimi nilivyompa yule binti, kwa sababu kesho atasema hata chanjo ni nadharia tu.

Na kwenye jaribio achana na maswali ya taja nadharia ya Darwin, wanakariri notisi. Mimi natoa habari ya shamba la nyanya na dawa iliyogoma, naomba waeleze kilichotokea kizazi kwa kizazi. Akiandika wadudu wamezoea nalizungushia duara neno hilo halafu namuita anieleze kwa mdomo kabla sijamkata alama, mara nyingi unakuta kitu chenyewe anakijua, ameangushwa na neno.