Nyota zisubiri, kwanza transkripti

Dada, usimlipe huyo mtu. Umeuliza kama nyota mbili, zile tovuti za michezo zinazowapa wachezaji wa sekondari, zinamtosha kijana wako wa gredi ya 11 huko Ohio kupata skolashipu ya futiboli ya Kimarekani, kama abadili nafasi uwanjani, na kama umlipe anayeahidi kumpandishia nyota. Nimesoma hilo la mwisho moyo ukaniruka.

Kijana wangu alicheza mstari wa ulinzi, makocha wa vyuo wakaja kumtazama mazoezini, wakampenda. Jamaa mmoja aliyejiita mshauri akatuambia darasa lisitusumbue, tukazane na video na kambi. Hela ikaenda kwenye kambi, hoteli na petroli. Mwaka wa mwisho kocha wa Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, akamwomba transkripti, yaani karatasi ya masomo na alama zake zote za sekondari. Akaituma jioni ileile. Kocha hakupiga simu tena. Baadaye tukaambiwa: madarasa ya Kiingereza cha wageni aliyosoma gredi ya 9 na ya 10 hayakuhesabiwa kuwa masomo ya msingi, yale yanayokubaliwa kumruhusu mtu kucheza chuoni.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inataka masomo ya msingi 16 na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4.0 kwa Divisheni ya Kwanza. Kabla mwaka wa mwisho haujaanza, 10 lazima yawe yamekamilika, na 7 kati ya hayo yawe ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Alama za hayo 10 zinafungwa hapohapo. Kama ana 10 tu, hata akirudia somo, hazipandi. Yule aliyejiita mshauri alikuwa analijua hili! Anawafuata wazazi wageni kwa sababu kanuni hizi hakuna anayetufundisha. Mganga wa stendi ana nafuu, maana kesho unamkuta palepale umdai.

Nyota ni makadirio ya watu wa mitandao. J.J. Watt alipewa mbili, akaanzia Central Michigan, kisha akaenda Wisconsin bila skolashipu, na akaja kuwa jina kubwa NFL, ligi ya kulipwa. Ezekiel Ansah wa Ghana hakuwa nayo hata moja. Alianza kuugusa mpira huo akiwa tayari Chuo Kikuu cha BYU, mwaka 2010, na 2013 Detroit Lions, timu ya NFL, wakamchukua wa tano katika drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Ila wote wawili waliingia chuoni kwanza, na huko ndiko walikojulikana.

Kesho asubuhi nenda kwa mshauri wa masomo wa shule yake, mwambie akuchapishie transkripti. Kisha fungua tovuti ya NCAA Eligibility Center, tafuta orodha ya masomo yaliyokubaliwa ya shule hiyohiyo, uweke alama somo kwa somo. Usikubali kuambiwa "yuko sawa tu" kwa mdomo. Likipungua somo, ulizia darasa la likizo ya kiangazi sasa hivi, maana akishaanza gredi ya 12 hesabu ya yale 10 imefungwa.

Ya kubadili nafasi tutaongea ukishaniambia ana masomo ya msingi mangapi.