Re: Famicom ya Kijapani inaleta chenga tupu kwenye TV flati

Mkuu, Famicom yako, yaani mashine ya gemu ya Nintendo, ni nzima. Umesema umetafuta chaneli mpaka umechoka na unaona chenga tu. Famicom ya Japani inarusha picha kwenye megahezi 91 au 97, na hapo kwetu ni FM. TV nyingi zetu hazitafuti kabisa eneo hilo.

Dawa ni kuitoa AV, yaani picha na sauti ziende kwenye TV kwa waya moja kwa moja bila kutafuta chaneli. Fungua, tafuta chipu ya picha iliyoandikwa RP2C02, inua mguu wa 21 usiguse tena bodi. Taratibu, ukivunjika umekwisha. Mimi nililowesha risasi ya zamani ya kulehemu kwa risasi mpya kwanza, ikaachia yenyewe. Kutoka hapo picha ipite kwenye transista ya 2SA1015, maana ikienda moja kwa moja ni hafifu mno. Sauti ichukue pini ya 46 ya mdomo wa kaseti, pale unapochomeka gemu.

Ikitokea picha safi lakini nyeusi na nyeupe, usifungue tena. Rangi yake ni ya mfumo wa NTSC wa Japani, TV iliyowekwa kwenye PAL, mfumo wa kwetu, haiisomi. Ingia menyu ya TV uweke NTSC 3.58.

Halafu adapta yake ni ya volti 100, usithubutu kuichomeka kwenye umeme wetu wa ukutani, ni mkubwa mno kwake! Inatoa volti 10 DC, hasi katikati ya plagi, hivyo mbadala wake uwe hivyo hivyo.

Vipuri ulizia mafundi redio pale Majengo, wana makopo ya bodi mbovu. Na vumbi letu hili la Dodoma, futa mdomo wa kaseti kwa spiriti kabla hujalaumu kitu kingine.