Yule Geronimo alikuwa steringi kweli?

SWALI: Mhariri mambo vipi, juzi nimecheki muvi ya zamani ya makauboi, Apache ya 1954, mzee mmoja akasema aliyecheza Geronimo, yule kiongozi wa Waapache, humo ndani, enzi za filamu bubu alikuwa steringi. Kweli au ananipiga fiksi?

JIBU: Hakupigi fiksi. Huyo ni Monte Blue wa Indiana, kalelewa kituo cha yatima, kwa mwongozaji D. W. Griffith aliingia kama kibarua tu, ila 1921 akapewa kucheza Danton, mwanamapinduzi wa Ufaransa, kwenye filamu ya Orphans of the Storm, na ile sini anavyotimua farasi mitaani kumuwahi mwigizaji Lillian Gish asikatwe kichwa, aisee, mpaka leo unakaa mkao wa roho juu! Studio ya Warner Bros. wakamfanya jamaa wa mapenzi, suti kali, nywele zimelala. Halafu zikaja filamu za sauti, mdororo wa uchumi wa 1929 nao ukamkomba hela, basi ndo akaanza kuchukua chochote: sherifu, chifu, jambazi, saa ingine jina lake hata halitajwi. Mi namkubali zaidi uzeeni kuliko akiwa hendsam boi. Kamcheki kama sherifu kwenye Key Largo, 1948. Alifariki 1963.