Maswali Yenu ya Muziki: Hii bendi ni moja au nne?

SWALI: Mambo vipi, kuna mshkaji kaniachia flashi imejaa rock za zamani, humo nimekuta albamu ya Genesis, A Trick of the Tail ya 1976. Wimbo wa kwanza vurugu tupu, wa pili kama unabembelezwa ulale, wa tatu madramu mazito balaa, wa mwisho karibu hauna maneno kabisa. Sio kwamba mtu kachanganya bendi tofauti? Na ile kwaya kwenye wimbo wa pili ni kina nani?

JIBU: Poa sana, hujapigwa changa la macho, ni watu wanne walewale mwanzo mpaka mwisho: Tony Banks kinanda, Mike Rutherford besi, Steve Hackett gita na Phil Collins dramu. Sema mwimbaji wao Peter Gabriel alikuwa keshaondoka 1975, wakahangaika kujaribu waimbaji wengine weee, mwisho wakamsukumia maiki huyohuyo mpiga dramu. Na wote wanne wanatunga, sasa hapo unategemea ladha iwe moja?

Ule wa kwanza jaribu kuupigia makofi, utapotea tu, maana unahesabu mapigo saba badala ya manne tuliyozoea. Wa pili ni magita ya nyuzi 12 yanatiririka taratibu, halafu ndo inaingia hiyo kwaya yako, ambayo nasikitika kukwambia haipo lol. Ni Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe kina utepe wake wenye sauti iliyorekodiwa, ukibonyeza utepe unatembea, ukikaa nacho kama sekunde nane utepe umeisha mpaka uachie ndo urudi. Ndio maana sauti inatetemeka kidogo, mi naipenda kuliko kwaya yenyewe.

Kinachoshika albamu nzima isisambaratike ni melodi, hata kwenye fujo unatoka na kitu cha kuimba bafuni. Na huo wa mwisho, Los Endos, usiuruke aisee, una dramu za kijazijazi (Collins kipindi hicho alikuwa anapiga pia na Brand X, bendi nyingine ya kuchanganya jazz na rock), sikiliza vizuri utakuta vipande vya wimbo wa kwanza na ule wa tatu vimerudi. Ukianza kufifia ongeza sauti, Collins anaimba kwa mbaaali kamstari ka wimbo wao wa 1972, enzi za Gabriel.